Bei ya Bastola na Kazi Yake: Je, Iliyo Ghali Hulenga Vyema na Kutegemeka Zaidi?

Katika mikutano yetu na wananchi, hasa tunapokutana na wafanyabiashara na wasimamizi wa kampuni binafsi za ulinzi, swali moja hurudi kila mara: mtu aliyepewa kibali cha kumiliki bastola anunue ya bei kubwa ili awe salama zaidi, au ya bei nafuu itamtosha? Wako wanaoamini kwamba fedha nyingi hununua shabaha. Wako pia wanaodai kwamba bastola ni bastola, na kinacholipiwa ni jina tu. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini aliyeshika upande mmoja pekee anaweza kufanya uamuzi utakaomgharimu yeye, familia yake au jirani asiye na hatia.

Somo hili halimhimizi mtu yeyote kutafuta silaha. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamkataza mtu kununua au kukaa na silaha au risasi pasipo cheti halali kwa kila silaha. Tunaandika kwa ajili ya wale ambao tayari wanabeba dhamana hiyo, na kwa ajili ya raia wote wanaolindwa na walinzi wenye silaha bila ya kujua silaha hizo zilichaguliwa kwa kigezo gani.

1. Maneno mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Usahihi wa shabaha ni uwezo wa bastola kupeleka risasi zake mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Hupimwa kwa kuifunga bastola kwenye jiriwa ili mkono wa mtu usihusike, kisha kupiga risasi kadhaa kwenye karatasi na kupima upana wa eneo zilikotua. Utegemevu ni jambo jingine. Ni uwezo wa bastola kufyatuka kila kifyatulio kinapovutwa, kutupa ganda tupu, kuingiza risasi mpya, na tena kutofyatuka kamwe pale ambapo hakuna aliyekivuta.

Sifa hizi mbili si pacha. Bastola inaweza kuwa na shabaha ya ajabu lakini ikakwama kwa vumbi kidogo. Nyingine inaweza kufanya kazi ndani ya matope huku risasi zake zikisambaa kwa upana wa kiganja. Kwa mlinzi wa lango la benki, au kwa askari anayeitwa usiku wa manane, sifa ya pili ndiyo ya kwanza.

2. Fedha ya ziada hununua nini hasa?

Chukua mfano wa soko la Marekani, ambako bei hutangazwa wazi. Bastola za kawaida za kazi, kama Glock 17, huuzwa kwa takriban dola 500 hadi 600. Zipo za dola 200 hadi 300 zinazouzwa kihalali. Halafu zipo zile zinazotengenezwa na mafundi wachache, nyingi zikifuata muundo wa M1911 uliobuniwa na John Browning, ambazo bei yake hupita dola 3,000.

Katika bastola hiyo ya dola 3,000, sehemu kubwa ya bei ni saa za kazi ya fundi. Hukaa na tupa na msasa akilinganisha mtutu na sehemu ya juu inayoteleza, mpaka mtutu urudi mahali pale pale kila risasi inapopigwa. Hulainisha kifyatulio ili kivutike kwa wepesi na bila ya kusuasua. Huweka vilengeo vya kurekebishwa, mshikio wa mbao nzuri, na urembo wa chuma. Baadhi ya watengenezaji wa aina hii huahidi kwamba risasi zote zitaingia ndani ya duara la sentimita 3 au 4 kwa umbali wa yadi 25, yaani karibu mita 23. Bastola nzuri ya kawaida ya kazi, kwa umbali kama huo, kwa kawaida huweka risasi zake ndani ya sentimita 7 hadi 10.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo: ikiwa imefungwa kwenye jiriwa, bastola ghali mara nyingi huishinda ya kawaida kwa usahihi. Tatizo ni kwamba hakuna mwananchi anayejilinda kwa jiriwa.

3. Hesabu ndogo ya milimita moja

Glock 17 ina umbali wa milimita 165 kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Ikiwa mpigaji atakosea kulinganisha vilengeo hivyo kwa milimita moja tu, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyokwenda mbele. Kwa umbali wa mita 7, risasi itapotoka kwa sentimita 4 hivi. Kwa mita 25, itapotoka kwa sentimita 15. Milimita moja ni unene wa sarafu nyembamba, na mkono unaotetemeka kwa hofu hukosea kwa zaidi ya hapo.

Sasa linganisha. Tofauti ya usahihi kati ya bastola ya dola 3,000 na ya dola 550, kwa mita 7, ni sentimita moja au mbili. Kosa dogo la jicho na kidole ni kubwa kuliko tofauti hiyo. Mpigaji asiye na mazoezi huimeza faida yote aliyoinunua kabla risasi haijatoka mtutuni.

Kifyatulio nacho kina hesabu yake. Kile cha Glock ya kawaida huhitaji nguvu ya takriban kilo 2.5, ilhali bastola yenyewe bila risasi haifiki kilo moja. Kidole basi kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kitu kinachotakiwa kutulia. Ndiyo maana wanaoanza hupiga chini na kando. Katika mashindano ya kimataifa ya bastola ya mita 25, kanuni huruhusu kifyatulio chepesi cha hadi gramu 1,000, kwenye bastola inayoweza kufika uzito wa gramu 1,400. Hapo fedha hununua faida ya kweli, kwa sababu duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 50 tu. Lakini kifyatulio chepesi kinachomfaa mwanamichezo aliyetulia uwanjani kinaweza kuwa hatari kiunoni mwa mlinzi anayekimbia gizani.

Wengi walivutiwa na Yusuf Dikeç wa Uturuki katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, aliyepata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan akiwa amevaa miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni. Watu wakasema, vifaa si kitu. Ukweli ni kwamba bastola yake ya upepo ilikuwa ya mashindano, tena bora. Alichokiacha ni vile vioo maalumu vya macho. Na nyuma ya utulivu wake kulikuwa na miaka mingi ya mazoezi, ambayo haiuzwi dukani.

4. Majeshi yalivyolijibu swali hili

Kuhusu utegemevu, historia ina ushahidi mwingi, nao hauwapendelei wenye fedha.

Mwaka 1908 jeshi la Ujerumani lilichukua bastola ya Luger, iliyoitwa P08. Ilisifiwa kwa shabaha na kwa ufundi wake. Lakini sehemu zake zilihitaji kuchongwa na kulinganishwa kwa uangalifu mkubwa, nyingi zikipigwa namba za bastola husika, na mfumo wake ulikuwa mwepesi kuathiriwa na uchafu na risasi dhaifu. Mwaka 1938 jeshi hilo hilo lilichukua Walther P38, iliyokuwa nafuu zaidi kutengeneza na yenye kustahimili mazingira magumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Austria ilitafuta bastola mpya ya jeshi. Gaston Glock, mtu ambaye hakuwahi kutengeneza bastola kabla ya hapo, alileta silaha yenye fremu ya plastiki ngumu na sehemu zisizofika 40. Masharti yalikuwa mazito: katika risasi 10,000 za mwanzo, hitilafu zisizidi 20; na bastola ikiangushwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma, isifyatuke. Mwaka 1982 Austria iliichagua. Haikuwa ya kupendeza macho, wala haikuwa ya gharama kubwa kutengeneza. Ilipita kwa sababu uchache wa sehemu ulipunguza mahali pa kuharibika.

Mwaka 1985 Marekani ilichagua Beretta kuwa bastola yake ya M9. Mshindani wake wa mwisho alikuwa SIG Sauer P226, na zote mbili zilifaulu majaribio. Bei ya bastola moja ya SIG ilikuwa dola 176.33, chini kidogo ya Beretta iliyokuwa dola 178.50. Lakini magazini na vipuri vilipojumlishwa, mzigo mzima wa SIG ukawa ghali zaidi, na Beretta ikashinda. Funzo lake ni wazi kwa kila mnunuzi: usitazame bei ya bastola peke yake. Hesabu magazini, vipuri, risasi za mazoezi na matengenezo.

Kisa cha M9 kina mkia. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, askari wengi walilalamika kwamba bastola zao zinakwama. Sababu kubwa iliyopatikana ilikuwa magazini zilizonunuliwa kwa mkandarasi mwingine, zenye mpako mzito ulioshika mchanga laini wa jangwani na kuzuia risasi kupanda. Bastola nzima iliaibishwa na kisanduku cha bati na springi.

Mwaka 2017 Marekani ilibadilisha tena na kuchukua SIG Sauer P320. Glock ilikata rufaa. Ofisi ya serikali inayosimamia uwajibikaji iliikataa rufaa hiyo, na uamuzi wake ukaonyesha kwamba zabuni ya SIG Sauer ilikadiriwa kuwa dola milioni 169 na ushei, na ya Glock dola milioni 272 na ushei. Aliyekuwa nafuu alishinda. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo, kampuni ilitangaza marekebisho ya hiari kwa P320 zilizokuwa mikononi mwa raia, baada ya kudhihirika kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kufyatuka zenyewe. Tusiseme basi kwamba bei nafuu ni dhamana, wala kwamba jina kubwa ni dhamana. Dhamana ni majaribio, tena ya aina zote.

Zingatia pia kinyume chake. Bastola iliyobanwa sana na fundi ili ipate shabaha mara nyingi huhitaji kupigwa mamia ya risasi kabla ya kulainika, na huhitaji mafuta na usafi zaidi. Nafasi ndogo sana kati ya sehemu zake, ile ile inayoleta usahihi, ndiyo inayokosa pahali pa kupitishia vumbi. Katika barabara zetu za murram wakati wa kiangazi, hilo si jambo la kupuuzwa.

5. Pale unafuu unapokuwa hatari

Tukiishia hapo, msomaji anaweza kudhani kwamba chochote cha bei ndogo kinafaa. La hasha. Unafuu una sakafu yake, na chini ya sakafu hiyo kuna shimo.

Mwaka 1942 Marekani ilitengeneza bastola ipatayo milioni moja iliyoitwa Liberator, kwa ajili ya wapiganaji wa siri katika nchi zilizokaliwa kivita. Kila moja iligharimu zaidi kidogo ya dola 2. Ilipiga risasi moja, na mtutu wake haukuwa na mifuo ya ndani inayoizungusha risasi ili inyooke. Nje ya mita chache, hakuna aliyejua risasi itaelekea wapi. Ganda tupu lilitolewa kwa kusukumwa na kijiti. Huo ndio usahihi na utegemevu wa kiwango cha chini kabisa.

Baadaye, soko la Marekani lilijaa bastola ndogo zilizomiminwa kwa mchanganyiko wa zinki. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 za Selsiasi hivi, ilhali chuma cha pua huhitaji zaidi ya nyuzi 1,300. Majimbo kama Illinois na South Carolina yaliweka sheria dhidi ya bastola ambazo chuma chake huyeyuka chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit, yaani takriban 427 za Selsiasi. Hata hivyo zinki peke yake si kosa: ziko bastola nafuu za zinki zilizotengenezwa nene na nzito ambazo hufanya kazi, ingawa ni kama kubeba tofali. Hatari ipo pale ambapo chuma dhaifu kimefanywa chembamba, springi ni duni, na hakuna kizuizi cha kuizuia bastola isifyatuke inapoanguka.

Hatari kubwa zaidi kwetu ni bastola za kienyeji zinazochongwa kwa mabomba ya maji, na silaha zilizopitishwa mipakani kimagendo. Hazijapimwa na yeyote. Mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa mshikaji. Zaidi ya hayo, hazina alama. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka nchi wanachama kuweka alama za utambulisho kwenye silaha. Bastola isiyo na alama ni ushahidi unaotembea. Anayeinunua kwa sababu ni rahisi hajui ilikwisha kutumika katika mauaji ya nani.

6. Anayelipa gharama ya risasi iliyopotea

Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Hupenya bati, hupenya mbao, hupenya mlango wa chumba anacholala mtoto wa jirani. Ndiyo maana swali la shabaha si la fahari.

Uchunguzi wa shirika la RAND uliotolewa mwaka 2008 kuhusu polisi wa jiji la New York ulionyesha kwamba, kati ya mwaka 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, asilimia 18 tu ya risasi za askari zilimpata mlengwa. Pale mshukiwa alipokuwa harushi risasi, kiwango kilipanda hadi asilimia 30. Askari hao walikuwa na bastola za majina makubwa, ambazo kwenye jiriwa zingeweka risasi zote ndani ya sahani ya chai. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State katika jiji hilo, askari wawili walipiga risasi 16 kumkabili mwuaji mwenye silaha. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake.

Hatutaji haya ili kuwalaumu wenzetu, waliokabili mtu aliyekwisha kuua. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha mahali tatizo lilipo. Mapigo ya moyo yakipanda, macho yakibana na mikono ikiloa jasho, bastola haiongezi chochote kwa kuwa ilinunuliwa ghali. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

7. Mwongozo kwa mwenye kibali na kampuni ya ulinzi

Kwanza, nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, silaha iliyotengenezwa kiwandani, yenye namba, ya aina ambayo imekwisha kupimwa na majeshi au polisi. Juu ya kiwango hicho, kila dola ya ziada huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Pili, gawanya fedha yako. Tofauti kati ya bastola ya dola 550 na ya dola 3,500, kwa bei za Marekani za senti 30 kwa risasi moja ya mazoezi, ni sawa na karibu risasi 10,000. Hapa kwetu bei ni tofauti, lakini uwiano hubaki na maana. Mwenye bastola ya kawaida aliyefundishwa na mkufunzi katika uwanja ulioidhinishwa, kwa risasi mia chache tu, atampita mwenye bastola ya kifahari inayolala kabatini.

Tatu, kagua magazini. Midomo yake isipinde, springi isilegee, na ndani kusiwe na mchanga. Bastola nyingi zinazosemwa ni mbovu zina magazini mbovu.

Nne, tumia risasi za kiwango kilichotajwa na mtengenezaji. Risasi iliyokaa kwenye unyevu kwa miaka huweza kukosa kuwaka, hata katika bastola ya thamani kuliko zote.

Tano, safisha na kuipaka mafuta kidogo kwa ratiba, si pale inapokwama. Mafuta mengi nayo hukusanya vumbi.

Sita, kampuni za ulinzi zisimkabidhi mlinzi silaha ambayo hajawahi kuipiga. Mlinzi anayebadilishiwa aina ya bastola kila zamu hajui kifyatulio chake kinavutika wapi.

Saba, kabla ya yote, jua kilicho nyuma ya shabaha yako. Ikiwa hujui, usipige.

Muhtasari wa somo

Bastola ghali huweza kuwa na usahihi mkubwa zaidi, lakini faida hiyo huonekana kwa mpigaji hodari, na katika mashindano kuliko katika ulinzi. Kwa utegemevu, bastola rahisi ya kawaida iliyopimwa vyema mara nyingi hulingana na ya kifahari au kuipita. Chini ya kiwango fulani, hata hivyo, unafuu huacha kuwa unafuu na kuwa hatari kwa mshikaji na kwa majirani. Na katika viwango vyote, mazoezi, magazini, risasi na usafi vina uzito kuliko jina lililochongwa kwenye chuma.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya polisi jamii

(a) Kwa nini jaribio la kuangusha bastola ni muhimu sawa na jaribio la shabaha?
(b) Kampuni ya ulinzi ina fedha ya kununua bastola 10 ghali, au bastola 10 za kawaida pamoja na mafunzo ya mwaka mzima. Ipi inawalinda zaidi wakazi wa mtaa wenu, na kwa nini?
(c) Taja mambo matatu, mbali na bastola yenyewe, yanayoweza kuifanya ikwame.
(d) Mtu akiwaambia anauza bastola kwa bei ya kutupa na bila ya karatasi, mtachukua hatua gani, na mtamwarifu nani siku hiyo hiyo?